Mabaki ya Bosi Mgaza

Chepe, muokota plastiki mwenye mdomo usiochoka, alifumwa mtaroni nyuma ya kiwanda cha ndoo akijaza gunia mabaki ya plastiki yaliyotupwa humo.

"Mwizi! Hayo ni yangu," alifoka Bosi Mgaza, mwenye kiwanda, tumbo likitangulia. "Yarudishe, la sivyo utalala ndani!"

Chepe akatupia jicho geti lililokuwa likipakwa rangi mpya kwa ajili ya wageni wa kesho. "Kesho asubuhi nakuletea, bosi wangu."

Kesho yake Mgaza alikuwa akijitapa kwa wakaguzi wa mazingira. "Hapa hatutupi hata kipande! Tena tunanunua plastiki iliyookotwa mitaani."

Chepe akaingia na gunia. "Bosi, mabaki yako haya, yale ya mtaroni."

Wakaguzi wakageuka. Mgaza akapunga mikono haraka.

"Si yangu hayo!"

"Kweli, bosi?"

"Nimesema si yangu!"

"Basi ni yangu. Mzani uko wapi, nikuuzie?"