Vipande Mia Mbili na Arobaini

Mtu akichomwa na mwiba wa mgunga akiwa machungani, akaung'oa papo hapo, jioni hata hakumbuki ulikuwa mguu upi. Lakini yule anayejidai ngozi yake ni gome, akasema mwiba nao ni kitu gani, akaendelea na safari yake, siku ya tatu utamwona anajikokota kwa mkongojo na mguu umevimba kama mtungi. Wahenga walimwonya mtu wa namna hiyo waliposema kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Fundi Wahome wa Kitengela aliijua methali hiyo tangu shule ya msingi. Aliijua vizuri, ila alidhani inawahusu watu wengine.

Wahome alikuwa amekata vyuma kwa miaka ishirini na saba. Alipopitisha mwali wa gesi juu ya chuma, ukingo ulitoka umenyooka kama uliopigwa rula, na mafundi wote wa jua kali kando ya barabara ya Namanga walimwita Makasi. Alikuwa ametengeneza milango ya maduka, ya makanisa na ya nyumba za matajiri, na kila mlango uliandikwa jina la mwenyewe. Jina la aliyeutengeneza halikuandikwa popote. Jambo hilo lilimkereketa moyoni, ingawa hakuwahi kumwambia mtu, hata mkewe.

Basi siku moja Waithera, mwenye karakana alimofanya kazi Wahome, ambaye kila mtu alimwita Mama Cate, alinunua mashine ya plasma ya kukatia vyuma, inayoongozwa na kompyuta. Karakana nzima iliingiwa na shamrashamra. Mashine ile ilikuwa na meza pana yenye mbavu za chuma zilizosimama wima, na juu yake kichwa kidogo kilichotoa mwali mkali kikienda chenyewe bila kushikwa na mtu. Wahome alikabidhiwa mashine. Kakenya, binti wa Isinya aliyesomea uchoraji wa mitambo chuoni, alikabidhiwa kompyuta. Wawili hao walipatana vizuri, maana kila mmoja alipenda kazi yake kupita kiasi.

Jumatano asubuhi alikuja mama mmoja aitwaye Rebecca, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kutoka upande wa Kajiado. Alikuja na bamba moja la chuma juu ya pikapu.

"Sopa," aliwaamkia kwa Kimaasai.

"Epa," wakamwitikia.

"Tumejenga wodi ya kujifungulia," Rebecca alisema, uso wake unameremeta. "Jumamosi inafunguliwa. Sasa tunataka geti, na hiyo geti iwe kama ushanga ya shingo. Sisi ni akina mama mia mbili na arobaini. Kila mama awe na kipande yake, pembetatu ndogo, na zote zitoke kwa hii chuma moja, maana tuliinunua pamoja. Hatutaki mama mmoja akatiwe chuma ya kando."

Kakenya alipima bamba, akabonyeza kompyuta, akapanga. Vipande vyote vilienea, na chini ukabaki ukanda mmoja mrefu. Rebecca aliutazama ule ukanda kwenye kioo cha kompyuta, kisha akamgeukia Wahome.

"Hiyo itabaki ni zawadi ya fundi. Andika jina lako hapo, tuiweke chini ya geti. Watoto wetu wajue ni nani aliwafungulia mlango."

Wahome aliutazama tena ule ukanda. Miaka ishirini na saba, na leo jina lake lingesimama mahali ambapo watoto wangezaliwa! Siku hiyo alikunywa chai bila kuonja kama ina sukari. Alipofika nyumbani alimweleza mkewe mara tatu, na mara ya tatu mkewe alimwambia amesikia.

Ijumaa kazi ilianza mapema. Wahome alipoutazama mchoro, alikunja uso.

"Kakenya, mbona kila pembetatu imeachwa mahali pawili? Haijamalizika kukatwa."

"Hivyo ni vishikizo, mzee. Ni nyembamba kama punje ya mchele. Kipande kikikatwa chote na ni kidogo, kinaweza kuteleza kati ya hizi mbavu za meza, kona moja ishuke na ingine isimame. Vishikizo vinakizuia. Tukimaliza tunavikata na tunapiga tupa kidogo."

"Kupiga tupa vipande mia mbili na arobaini?" Wahome alicheka. "Msichana wangu, kwa jua kali fundi akiacha mkia kwa chuma anachekwa mpaka anahama mji. Chuma ikikatwa, ikatwe. Toa hizo vitu."

"Na kikisimama?"

"Hiyo si ng'ombe isimame. Niko na ufito hapa, nitakikandamiza. Nimekata vidogo kuliko hivyo ukiwa bado unanyonya."

Kakenya aliinamisha kichwa. Wahome alikuwa na umri wa baba yake, na mashine ilikuwa mikononi mwake. Aliviondoa vishikizo, ingawa moyo wake haukutulia.

Mashine ilinguruma. Mwali wa samawati ulipenya chuma, cheche zikamwagika chini ya meza, na pembetatu ya kwanza ikatoka safi kabisa, haina mkia wala doa. Ikatoka ya pili, ya kumi, ya ishirini. Waendesha bodaboda wa kituo cha jirani walijaa mlangoni kutazama. Mama Cate mwenyewe alisimama na kikombe mkononi, akisahau kunywa. Wahome alijiona yuko juu kama mnazi. Alimtupia Kakenya jicho la kusema, umeona sasa?

Pembetatu ya thelathini na tisa ilipoachana na bamba, kona yake moja iliingia kati ya mbavu mbili za meza, na kona ya pili ikainuka kama sikio la mbuzi. Wahome aliiona. Alinyoosha ufito, lakini kichwa cha mashine kilikuwa tayari kinapita kuelekea kipande kinachofuata, chini chini, kwa kasi. Kiligonga ile kona. Kilipasuka kwa mlio uliowatawanya wale wa bodaboda kama kuku, bamba likasukumwa upande, na kabla Kakenya hajabonyeza kitufe cha kusimamisha, mwali ulikuwa umechora mfuo uliopinda katikati ya chuma cha akina mama.

Mama Cate aliweka kikombe chini polepole.

"Wahome, kichwa cha akiba ni kimoja tu," alisema. "Hicho kikivunjika, kingine ni wiki ijayo."

Wahome alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliokota ile pembetatu iliyopoa. Ilikuwa ndogo kuliko kiganja chake, nyepesi kama kisoda, nayo ndiyo iliyoangusha mashine nzima.

"Miaka hii yote," alisema kwa sauti ya chini, "vidogo hivi havikuwahi kunishinda."

"Ni kwa sababu ulikuwa unashika mwali na mkono, mzee," Kakenya alimjibu kwa upole. "Kipande kikiinuka, mkono wako unaona, unainuka wenyewe, hata wewe hujui umeinuka. Hii mashine haina macho. Inaenda penye imeambiwa."

Wahome aliugeuza mkono wake, akautazama. Alikuwa amekata vyuma nusu ya maisha yake bila kujua kwamba mkono wake ulikuwa ukifanya hivyo.

"Rudisha vishikizo," alisema. "Na kama kuna kitu kingine unajua, usininyamazie."

Kakenya alijua mengine mawili. Alipanga upya mwendo wa kichwa ili kisipite tena juu ya kipande kilichokwisha kukatwa, kisha akakiamuru kijinyanyue juu kabisa kila kinapohama. Wahome alifunga kichwa cha akiba kwa uangalifu wa mtu anayembeba mtoto mchanga. Lakini walipopima bamba, waligundua kuwa ule mfuo ulikuwa umeharibu nafasi ya vipande kumi na viwili. Chuma kizima kilichosalia kilikuwa ule ukanda wa chini.

Kakenya hakutaka kulisema. Hatimaye alilisema.

"Tunaweza kuacha hivyo kumi na mbili, tutanue vingine kidogo. Mtu akiangalia geti kutoka mbali hataona. Jina lako litabaki."

Wahome aliutazama ukanda ule. Jina lilikuwa limekwisha kuchorwa kwenye kioo, herufi sita nono zilizonyooka. Ni kweli, nani angehesabu? Alilitaka jina lile kama mwenye kiu anavyotaka maji. Angeweza kulikata kwenye chuma kingine, lakini hicho hakikuwa alichopewa, na angejiona kama mgeni anayejikaribisha mezani. Akawafikiria akina mama kumi na wawili wakijitafuta langoni bila kujiona, na aibu ikamwasha mashavu.

"Asubuhi nilidharau vidogo," alisema. "Sitadharau mara ya pili. Futa jina, uweke hivyo kumi na mbili hapo."

Kazi ilianza upya, na sasa kila aliyekuwepo alishusha pumzi kila kipande kilipokamilika. Hamsini. Mia moja. Mia mbili. Hakuna hata kimoja kilichoinua sikio. Kilipokatwa cha mwisho, wale wa bodaboda walipiga honi zote kwa pamoja, na Mama Cate akamkumbatia Kakenya akasahau kuwa ni mwajiriwa wake. Walikaa chini wote, mwenye karakana akiwa miongoni mwao, wakapiga tupa hadi jioni. Wahome ndiye aliyepiga vingi zaidi, na hakuna aliyemcheka.

Usiku huo waliviunga vipande kwenye fremu, na Jumamosi lango lilisimama Kajiado likimetameta kama mkufu shingoni mwa bibi harusi. Akina mama walilijia kwa nyimbo, mashuka mekundu yakipepea. Kila mmoja alihesabu safu yake, akakigusa kipande chake, akapiga kigelegele. Bibi mmoja mkongwe alipiga magoti kwenye safu ya chini kabisa, akapapasa kwa vidole mpaka akakipata cha mwisho.

"Hiki ni changu," alisema. "Ashe oleng," akashukuru kwa Kimaasai.

Wahome alifurahi hadi machozi yakamlengalenga. Hapo ndipo Rebecca alipomjia akiwa ameinama, akitafuta kitu chini ya lango.

"Fundi, jina lako iko wapi?"

Wahome aliinua mkono kuelekea safu ile ya chini, ambapo bibi bado alikuwa amepiga magoti.

"Nililipoteza jana asubuhi, mama, kwa kukataa vishikizo vya ukubwa wa punje ya mchele. Ukiulizwa na watoto, waambie fundi alikuwa mtu aliyejua sana kazi yake, lakini mdharau mwiba mguu huota tende."