Kiboko Alipojifukiza Mchaichai

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa chungu mekoni!
— Kipakuliwe!
Kina moto!
— Tutapuliza!

Haya, pulizeni huku mnasikiliza. Palikuwa na Bi Sange, mnyama mdogo kama panya, pua ndefu kama ya mtu wa kunusa mambo ya jirani. Nyumba yake ilikuwa kando ya mto, na nyuma yake aliotesha kichaka cha mchaichai. Nyani akishikwa na mafua, hodi! Bi Sange anamfukiza. Swala akishikwa na kikohozi, hodi! Bi Sange anamchemshia. Kobe tumbo likimjaa gesi, hodi! Ingawa Kobe, mpaka afike, gesi imekwisha kutoka njiani.

Siku moja mwanawe, Kichele, aliamka na homa. Sange akakata majani machache, akamchemshia chai. Hata hajaimimina, du! du! du! Kiboko huyo, tumbo limevimba kama ngoma. Alikuwa amekula shamba zima la maboga ya wenzake.

"We Sange! Tumbo! Nipe dawa!"

Sange akampa ile chai ya mtoto. Kiboko akaigugumia, gu! gu! gu! Akacheua, bweeee! Ndege wakahama mti.

"Kumbe tamu! Basi nakula kichaka chote na mizizi yake, nisiugue tena maishani."

"Bwana mkubwa, mwanangu ana homa. Na majirani je?"

"Wanywe maji." Akafungua kinywa, kipana kama mlango wa zizi.

Sange afanyeje? Kumpiga hawezi. Kumsukuma hawezi. Akainama kwa adabu.

"Kula, bwana. Ila wakubwa hujifukiza kwanza. Mchaichai ukikuta tumboni mali ya watu, hukasirika. Lakini wewe huna neno, sivyo?"

"Mimi? Sina!" akasema Kiboko, macho pembeni.

Sange akamkalisha juani, akamfunika majani ya mgomba, akamwekea chungu cha mvuke puani. Fuu! Fuu! Sasa, jasho la kiboko ni jekundu. Sange alilijua, maana aliwaona viboko wakilala ukingoni. Kiboko mwenyewe hakulijua, kwani maji humwosha kabla hajajitazama. Likaanza, to! to! to!

"Sange! Damu!"

"Hee! Bwana, umekula vya nani?"

"Maboga ya Nyani! Ya Swala! Ya... ya wote! Niokoe, mama!"

"Mtoni, upesi! Na jua likiwaka usitoke!"

Chubwi! Mpaka leo mchana yumo majini, macho na masikio tu nje.

Sange akakata majani mengine, akachemsha upya. Kichele akanywa, akatoka jasho, jioni akadai uji, tena akalalamika haukutiwa sukari.

Basi, wanangu, msidanganye. Uongo hauna faida hata chembe. Bi Sange alidanganya, akaambulia nini? Mwana mzima, kichaka kizima, na Kiboko kumpigia shikamoo kutoka ng'ambo. Masikini, hasara iliyoje!

Ngano yangu imegota ukutani. Mwenye yake na atoboe mlango!