Fomu Moja ya Marudio

Hapo zamani, si zamani ya mbali, ni zamani ya juzi tu ambapo mabomba yalishafika na maji bado, palikuwa na chuo cha mafundi maji. Chuo gani, msiniulize. Katika chuo hicho palikuwa na somo linaitwa Mtiririko, na somo hilo lilikula watu. Unaingia na akili zako timamu, unatoka unahesabu vidole.

Mwalimu wake, Ngonyani, alifundisha mbio kama anafukuzwa. Kila akijaza ubao, kabla hajafuta, aliuliza, "Tuko pamoja?" Darasa zima likaitikia, "Tuko pamoja!" Anafuta. Anajaza. "Tuko pamoja?" "Tuko pamoja!" Ndivyo walivyozoeshwa tangu shule ya msingi: mwalimu akiuliza, unaitikia. Kunyamaza ni utovu wa adabu.

Nyamizi alipotea wiki ya pili. Akaitikia. Wiki ya nne hakujua tena hata kinachotiririka ni nini. Akaitikia, tena kwa sauti. Wiki ya tisa uongo ukamkaba, akasimama.

"Mwalimu, mimi siko pamoja."

"Tangu wapi?"

"Tangu wiki ya pili."

"Leo ni ya tisa, wewe binti! Siku zote hizo ulikuwa unaitikia nini?"

"Nilikuwa nakuheshimu."

Darasa likaangua kicheko. Ngonyani akavimba. Akamtuma akasugue tangi la mazoezi siku nne. Kisha, kwa hasira zile zile, akaanza somo upya tangu wiki ya pili, polepole, ili ionekane kwamba yeye si mwalimu mbaya. Wale waliomcheka Nyamizi waliandika mpaka vidole vikawauma. Somo lilirudiwa kwa ajili yake, na ni yeye peke yake ambaye hakulisikia. Alikuwa ndani ya tangi na brashi.

Darasani humo alikuwamo pia Lusekelo, aliyeelewa kila kitu tangu mwanzo. Hilo ndilo lililomponza. "Kaka Luse, nielekeze hapa." Akaelekeza. "Kaka Luse, na hapa je?" Akaelekeza. Nyamizi alipotoka kwenye tangi, ni Lusekelo aliyemkalisha chini. Siku ya mtihani kikokotoo cha Nyamizi kikazima. Lusekelo akaomba ruhusa kwa msimamizi, akampa chake, yeye akawa anazidisha na kugawanya kwa mkono. Kengele ililia akiwa katikati ya karatasi.

Na alikuwamo Hamduni. Kijijini kwao pampu ilikuwa imekufa miaka miwili, wanawake wanateka maji kwenye madimbwi ya ng'ombe, na wazee walimchagua yeye aende akasomee kuifufua. Hamduni hakuelewa chochote, wala hakupoteza muda kujaribu. Alikariri. Alikariri mtihani wa mwaka uliopita, swali na jibu, mpaka nukta. Mtihani ulipokuja na maswali mengine, akaandika majibu yale yale, kwa mwandiko wa kupendeza. Mawili matatu yakaangukia penyewe.

Matokeo yakabandikwa. Karibu darasa zima limefaulu, Ngonyani akapewa cheti cha pongezi. Watatu tu walipata thelathini na nane, na kufaulu ni arobaini. Sheria ya chuo ilikuwa hivi: darasa moja, fomu moja ya marudio, ya mtu mmoja kurudia somo. Wengine wafungashe.

Mkuu wa chuo, Mama Mwasomola, akawaita ofisini.

"Semeni. Kila mtu ajitetee."

Nyamizi akaanza. "Mama, darasa hili limefaulu kwa sababu mimi nilisema sijui. Wote walikuwa hawajui! Nimewafungulia mlango, mimi nikabaki nje."

"Na mimi je?" akasema Lusekelo. "Nimefundisha nusu ya darasa, na kikokotoo nikatoa."

"Wewe Luse unajua tayari," Nyamizi akamkatiza. "Unarudia nini? Marudio ni ya asiyejua."

"Kwa hiyo nifukuzwe kwa kujua?"

Hamduni akakohoa. "Mama, mimi majibu yangu yote ni sahihi. Angalia. Walioweka maswali mengine ni nyinyi."

Hata Lusekelo akacheka. Hamduni hakucheka. "Chekeni. Nyinyi mkirudi nyumbani mtaulizwa habari za safari. Mimi nitaulizwa habari za maji."

Mama Mwasomola akaisukuma fomu mpaka mbele ya Nyamizi, na kalamu juu yake.

"Wewe ndiye uliyejitangaza mkweli chuoni hapa. Andika jina. Nitakaloliona, hilo hilo nitalipiga muhuri."

Nyamizi akaishika kalamu. Aliyaona majina yote matatu yakienea kwenye mstari ule mmoja. Akiandika lake, atasema kweli kwamba bado hajui, na Lusekelo ataondoka na wema wake begani. Akiandika la Lusekelo, atakuwa amelipa fadhila kwa fundi ambaye hana cha kujifunza. Akiandika la Hamduni, anakipelekea kijiji mtu wa kukariri, lakini mtu pekee waliye naye.

Alichoandika nakijua. Siwaambii, maana nimewaona wengi wakisubiri kuambiwa ndipo waseme walikuwa wanajua.

Haya, kalamu iko kwenu. Aliyekiri hajui wenzake wakapata kujua, aliyejua akagawa mpaka akapungukiwa, na asiyejua ambaye watu wake wanakunywa matope: je, fomu ile alistahili nani?