Viti vya Ngozi kwa Mitungi ya Maziwa

Gari lilikuwa limeegeshwa juu ya zulia. Naam, zulia! Gari la kazi, lililoundwa kubeba mizigo na kukanyaga tope, lilisimama juu ya zulia jekundu katikati ya ukumbi wenye vigae, jeupe pepepe, matairi yamepakwa kiwi kama viatu vya bwana harusi. Mbele yake alisimama mwanamke wa makamo aliyevaa buti za mpira. Kando yake alikuwa mumewe, kofia mkononi, utadhani ameingia kwa hakimu.

Mwanamke huyo aliitwa na wote Mama Mitungi. Kila asubuhi yeye na mumewe walizunguka mlimani wakikusanya maziwa ya wafugaji, wakayamimina katika mitungi mirefu ya chuma na kuyateremsha hadi kiwandani. Ada za shule, dawa za wagonjwa, mabati ya nyumba, vyote mlimani vilitoka kwenye viwele vya ng'ombe. Lakini pikapu yao kuukuu ilikuwa imekata roho, na hata kabla haijafa, msimu wa mvua uliopita ilikuwa ikikwama topeni mpaka maziwa yanaganda njiani. Mkuu wa kiwanda cha maziwa, mtu asiyependa maneno mengi, alitoa kauli: mvua zijazo maziwa ya mlimani yakichelewa tena, mkataba utavunjwa na kupewa wafugaji wa bondeni. Kwa hiyo gari jipya halikuwa anasa. Lilikuwa tegemeo la mlima mzima, na lilitakiwa lifike kabla ya mvua.

Muuzaji aliyewapokea alikuwa kijana mtanashati ambaye tabasamu halikumbanduka midomoni, hata alipokuwa akitoa habari mbaya. Mume wa Mama Mitungi alimpa jina papo hapo: Tabasamu.

"Karibuni sana, wazazi wangu. Leo hamtoki hapa bila gari!"

"Ahsante, mwanangu," alisema Mama Mitungi. "Nataka gari la namna moja tu. Milango miwili, bodi refu la kupanga mitungi, matairi manene, na ile swichi ya kufunga difu, ili tairi moja likiteleza kwenye tope jingine liendelee kuvuta. Basi."

"Umechagua vizuri mno, mama. Ila vitu hivyo havikai pamoja."

"Kwani vimegombana?" mume aliuliza.

Tabasamu aliwageuzia kompyuta yake. Bodi refu lilikuwa kwenye Kifurushi cha Msingi. Swichi ya difu ilikuwa kwenye Kifurushi cha Kifahari.

"Kifurushi! Mwanangu, nimekuja kununua gari, sikuja kununua muda wa maongezi."

"Ndivyo yanavyouzwa siku hizi, mama. Ukichukua Kifahari unapata swichi yako, halafu unapata viti vya ngozi, paa la kioo, na taa za rangi sakafuni, miguuni pako."

"Taa za miguuni za nini?"

"Za kuleta raha."

"Na bodi je?"

"Fupi kidogo, kwa sababu milango ni minne. Na matairi ni membamba ya kisasa. Yanapendeza, acha tu!"

Mama Mitungi alishusha pumzi. Nguvu ya kupanda tope ilikuwa imefungiwa ndani ya gari lisiloweza kubeba mitungi, na gari la kubeba mitungi lilinyimwa nguvu. Nani aliyeyapanga haya? Hakika ni mtu ambaye hajawahi kusukuma gari katika maisha yake.

"Basi nipe hilo la Msingi, uniongezee swichi."

"Mfumo haukubali, mama."

"Nipe la Kifahari, utoe viti na paa, uweke bodi refu."

"Mfumo haukubali," alijibu Tabasamu, akitabasamu.

Ilibidi waende kwa meneja. Meneja aliwasikiliza akibonyezabonyeza kalamu yake, kisha akawaeleza bila kupepesa macho. "Kiwanda huunda gari la mpangilio tofauti pale tu maagizo yanapokuwa mengi na yanafanana. Mteja mmoja ni tone baharini. Tena, mama, wateja wetu wote wa upande wenu huchukua Kifahari, na hajatokea hata mmoja wa kulalamika. Tatizo ni lako peke yako."

Maneno hayo yalimchoma Mama Mitungi kama pilipili kwenye kidonda. Hakukata tamaa. Alirudi tena na tena. Alibembeleza, akabisha, siku nyingine akawa mbogo hadi mlinzi akachungulia mlangoni. Kila mara alitoka mikono mitupu, na huko mlimani mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

"Mke wangu, tuchukue hilo la Kifahari," mumewe alisema jioni moja. "Mdogo wangu analo na analisifu kila siku. Sisi ni nani tushindane na mfumo?"

"Mdogo wako anabeba matofali, baba watoto. Haya, kesho nitakwenda kwake nilione likifanya kazi."

Huyo mdogo mtu, shemeji yake Mama Mitungi, alikuwa mfyatua matofali, na jina lake mtaani lilikuwa hilohilo, Matofali. Aliponunua gari lake alipita nalo mtaa mzima akipiga honi, na tangu siku hiyo hakuna msiba wala harusi ambayo hakulitaja. Mama Mitungi alipofika kwenye tanuri lake asubuhi, alilikuta gari limefunikwa turubai pembeni. Matofali yalikuwa yakipakiwa kwenye mkokoteni wa punda.

"Shemeji, mbona gari limefunikwa?"

"Aa, shemeji... nalipumzisha kidogo."

"Linapumzika kutoka kazi gani?"

Matofali alicheka kicheko kikavu. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akamvuta shemeji yake nyuma ya tanuri. "Nikwambie ukweli? Lile bodi ukipanga matofali kidogo tu limejaa, nabeba hewa. Matairi yale yalipasuka wiki ya kwanza. Na viti! Mke wangu haniruhusu kukalia viti vile na suruali ya kazi. Naendesha nimekalia gunia, shemeji. Gunia! Ndani ya gari langu mwenyewe!"

"Sasa mbona ulilisifu mbele ya kaka yako?"

"Ningesemaje, nami nilishapiga honi mtaa mzima? Nakuomba, usimwambie mtu."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Kutoka hapo Mama Mitungi alikwenda kwa Muuza Maji, mwingine aliyekuwa akilisifu gari lake mpaka mate yanamruka. Kumbe tangi lake halikuenea kwenye bodi lile fupi, na alikuwa akikodi tela la jirani kimyakimya. "Usimwambie mtu," naye akaomba. Akaenda kwa Bibi Miche, aliyepeleka miche ya miti mashambani. Yeye alikuwa amekwama kama Mama Mitungi, hajaagiza lolote, ila aliwaambia watu kwamba bado anachagua rangi. "Niliona haya, mwenzangu. Wote wanaelewa vifurushi ila mimi."

Ehe! Watu wazima na ndevu zao, wamefichana kama watoto walioiba sukari! Hakuna aliyethubutu kulisema vibaya gari lake jipya, kama vile mtu asivyothubutu kumsema vibaya mchumba aliyekwisha kumtambulisha kwa wazazi. Na kwa sababu kila mmoja alinung'unika chumbani kwake na kusifu barazani, meneja alipata kusema kwamba hakuna anayelalamika. Mama Mitungi alikasirika hadi akacheka mwenyewe njiani. Kisha akapiga moyo konde.

Aliwaalika wote kwenye kituo chake cha kukusanyia maziwa, pamoja na wachukuzi wengine wa pale mjini na wa vijiji vya jirani. Kila mmoja alidhani amealikwa peke yake. Walipokutana mlangoni walianza mara moja desturi yao: gari langu hivi, gari langu vile. Mama Mitungi aliwaacha wamalize majigambo, akasimama juu ya kreti.

"Ndugu zangu, siri za watu sizitoi, yangu naitoa. Mimi nimeshindwa kuagiza gari. Nimefukuzana na vifurushi nimechoka. Mvua ikinikuta bila gari, mkataba umekwenda na mlima mzima utalia. Kama kuna mwenye gari la Kifahari linalofanya kazi yake sawasawa, anifundishe hapahapa, nami kesho nitaliagiza."

Mmoja alikohoa. Mwingine akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Muuza Maji alimtazama Matofali, Matofali akatazama dari. Kisha mfyatua matofali yule, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikubali kosa, akasimama.

"Mimi naendesha nimekalia gunia," alisema.

Chumba kizima kililipuka kwa kicheko. Hakikuwa kicheko cha dhihaka. Kilikuwa kicheko cha watu waliotua mzigo. "Tela la jirani!" alipiga kelele Muuza Maji. "Mimi sichagui rangi yoyote!" alisema Bibi Miche akijifuta machozi. Kila mmoja alitoa lake, na walipomaliza ikawa dhahiri kwamba wote walitaka gari lilelile: milango miwili, bodi refu, matairi manene, swichi ya difu. Waliokuwa na magari ya Kifahari wakaapa kuyauza kwa watu wanaotembelea barabara za lami tu.

"Jambo moja tu," aliwaonya Mama Mitungi. "Maagizo lazima yafanane. Akitokea mmoja akatamani taa za miguuni, tumekwisha."

Asubuhi iliyofuata waliingia kwenye ukumbi wa vigae kwa pamoja, na nguo zao za kazi: vumbi la matofali, harufu ya maziwa, udongo wa miche kwenye kucha. Tabasamu aliwaona, na kwa mara ya kwanza tabasamu lake liliyumba. Lakini hakuwa mjinga. Alimshika Matofali mkono, akamvuta pembeni na kumwonyesha redio iliyotundikwa ukutani.

"Bosi wangu, wewe ni mtu wa hadhi. Waache hawa. Ukibaki na Kifahari, nakuwekea redio mpya kama ile, yenye kioo kikubwa, zawadi kutoka kwangu."

Matofali alimeza mate. Mama Mitungi aliona. Alijua udhaifu wa shemeji yake, na alijua kwamba akibanduka huyu, wengine wangeporomoka mmoja baada ya mwingine. Matofali aliitazama ile redio ukutani, akaitazama tena.

"Inabeba matofali?" aliuliza.

"Nini?"

"Redio."

"Hapana, bosi, ila..."

"Basi baki nayo," alisema Matofali kwa sauti iliyojaza ukumbi, akarudi na kusimama bega kwa bega na shemeji yake. Mama Mitungi nusura amkumbatie mbele za watu.

Meneja alitoka ofisini kwake akibonyezabonyeza kalamu. "Nimeshawaeleza. Mfumo..."

"Mfumo anakaa wapi tukaongee naye?" aliuliza mume wa Mama Mitungi, yule aliyekuwa akishika kofia mkononi. Leo kofia ilikuwa kichwani. "Ulituambia maagizo yakiwa mengi na yanafanana, kiwanda kitaunda. Haya ndiyo maagizo. Hesabu."

Meneja aliwatazama, akaacha kubonyeza kalamu. Akapiga simu kwenye kiwanda cha magari na kuiweka kwenye sauti ya juu. Mtu wa upande wa pili aliuliza ni wateja wangapi, meneja akamwambia. Akauliza kama wote wanataka kitu kimoja.

"Wote!" waliitikia kwa pamoja kabla meneja hajafungua mdomo.

Kisha yule mtu akasema, "Sasa mbona hamkusema siku zote hizi? Hapa tumeambiwa huko mnapenda ngozi." Akaahidi magari yataanza kuundwa mara moja, na la kwanza lingeletwa kabla ya mvua.

Bila ubishi, la kwanza lilikuwa la Mama Mitungi. Lilifika siku moja kabla ya mvua. Lilikuwa na viti vya kitambaa kigumu na paa la bati, na mitungi yote ilipangika kwenye bodi nafasi ikabaki. Alfajiri mbingu zilifunguka. Barabara ya mlimani ikawa uji. Wafugaji walijipanga kandokando wakiwa wamejifunika mifuko ya plastiki, mikono vifuani, kwa maana palikuwa na kona moja mbaya ambayo kila mwaka iliwamaliza.

Gari lilifika kwenye kona, tairi la nyuma likateleza, bodi likayumba kuelekea korongoni. "Mama watoto!" alipiga yowe mume. Mama Mitungi alibonyeza swichi. Tairi la pili likang'ata ardhi, injini ikaguna, na gari likapanda polepole, bila papara, hadi juu. Vigelegele vilivyopigwa pale vilishinda ngurumo.

Walipokwisha kukusanya maziwa na kuyateremsha hadi kwenye kiwanda cha maziwa, mkuu yule asiyependa maneno mengi alifungua mtungi, akanusa, akaonja, akatazama buti zilizotapakaa tope. "Yako safi," alisema. "Mkataba unaendelea." Mama Mitungi aliegemea gari lake akalia kwa furaha waziwazi, na Matofali, aliyekuwa amepanda mlima nyuma yao kwa miguu ili kusukuma ikibidi, kisha akateremka nao garini, alilia kuliko yeye.

Peke yake alikuwa tone baharini, mbishi mwenye tatizo lake mwenyewe. Aliposimama na wenzake, kiwanda kizima cha magari kiligeuza mpangilio wake. Kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.