Wanyapara wa Bwana Mzeru

Wapika sabuni wa Bwana Mzeru walichoka kuunguzwa mikono na magadi. Walitaka glavu, la sivyo wangegoma Jumatatu. Bwana Mzeru akamwita ofisini Siwema, mwenyekiti wa chama chao.

“Vunja huo mgomo, ama ukatafute kibarua kwingine.”

Siwema akajikunyata. “Bosi, watu wana hasira. Labda uwaahidi kitu.”

“Atakayeingia kazini Jumatatu namfanya nyapara. Aje na kofia nyeupe nimjue. Nikipata watatu wanne tu, mgomo umekufa. Ila mwambie kila mtu peke yake, mwenzake asijue.”

“Na hao wanyapara watakoroga sabuni?”

“Nyapara wangu hakorogi! Nikimkuta ameshika mwiko, namfukuza.”

“Nimekuelewa, bosi.”

Jumatatu hapakuwa na mgomaji hata mmoja getini. Bwana Mzeru akaingia kiwandani akipiga mluzi, na mluzi ukamkatikia mlangoni. Mapipa ya kupikia yalikuwa ya baridi. Ndani kulijaa kofia nyeupe tupu, kila mtu mikono nyuma, akimsimamia mwenzake aliyekuwa akimsimamia yeye.

“Nani anafanya kazi humu?” akafoka.

Siwema akajitokeza na kofia yake ile ile ya bluu, ya kibarua. “Niliwaambia mmoja mmoja, bosi, kama ulivyoagiza. Wote wamekubali. Mfanyakazi nimebaki mimi tu.”

“Basi shika mwiko ukoroge!”

“Mimi nimegoma, bosi. Nasubiri glavu.”