Mpika Mchaichai na Jirani wa Bondeni

Ndugu zangu, kabla ya mfano wa leo niseme kosa langu mwenyewe, maana mfano huu umenichapa mimi kwanza ndipo ukafika kwenu.

Mwaka tuliohamia hapa, jirani yangu wa chini alikuja kunieleza kwamba maji ya mvua yanayoshuka kutoka kwenye bati la nyumba yangu yanaula ukuta wa jiko lake. Alikuja kwa adabu, kofia mkononi. Nikamwambia, "Jambo hili tuliweke mbele za Mungu." Tukainamisha vichwa, nikaomba maombi marefu na mazuri, hata yeye akaitikia amina. Kisha akaenda zake, na mimi nikaingia ndani kunywa chai. Mfereji sikuchimba. Ukuta ule ulianguka masika yaleyale. Mungu alikuwa ameshajibu ombi lile kabla hatujaomba, kwa sababu jembe alinipa zamani, na siku ile lilikuwa limeegemea mlangoni pangu.

Sasa sikilizeni.

Kulikuwa na mkulima mmoja huko milimani aliyelima mchaichai kwenye mteremko, juu kidogo ya bonde. Majani hakuyauza. Aliyapika akapata mafuta yake, yale ya kujipaka ili mbu wasikusogelee na ya kutia kwenye sabuni. Mtambo wake ulikuwa wa kawaida: pipa la chuma lenye mfuniko, maji chini, wavu katikati, majani juu ya wavu, na moto chini ya pipa. Mvuke unapanda, unapenya kwenye majani na kuyabembeleza mpaka yaachie mafuta, kisha unaingia kwenye bomba. Bomba linapita ndani ya pipa la pili lenye maji baridi. Humo mvuke unapoa, unageuka maji tena, unatona kwenye chupa, na mafuta yanaelea juu, ya manjano kama samli.

Naona wengine mnatabasamu. Mtambo huo mnaujua, na sitauliza mliujulia wapi. Hata huyo mkulima wetu, wiki ya kwanza mgambo alimjia, akanusa chupa moja baada ya nyingine, akaondoka amenuna.

Kazi hiyo alifundishwa kwenye kikundi cha wakulima, yeye na mkewe. Aliyewafundisha hakuwaletea petroli, wala spiriti, wala dawa za kiwandani za kunyonya mafuta kwenye majani. Aliwaambia maji, moto na subira vinatosha. Lakini moto uwe mdogo, na usile msitu: makapi, yaani majani yaliyokwisha kupikwa, yaanikwe juani yawe kuni za upishi unaofuata. Na maji ya kupozea bomba yasimwagwe hovyo. Yawekwe shimoni yapoe, kisha yarudishwe pipani kwa ndoo. "Mkifanya hivyo," alisema, "mmea utawapa mafuta yake, na hakuna mtu mwingine atakayeumia."

Msimu wa kwanza mkulima alifuata yote. Mafuta yakawa mazuri, watengeneza sabuni wa mjini wakayapenda, wakataka zaidi. Hapo ndipo makapi yakaanza kumchelewesha. Milimani ukungu ni mwingi. Ukianika leo, kesho bado unageuza. Na kila alipogeuza makapi, macho yake yalipanda kule juu ya shamba, kwenye chemchemi.

Chemchemi ile ilitoka chini ya mikuyu minene. Wazee wa pale hawakukata kwenye miti hiyo hata fimbo ya kuchungia mbuzi. Hakuna sheria iliyoandikwa. Ilikuwa haikatwi tu, kama vile mtu hali mbegu.

Asubuhi moja mkewe alimkuta ananoa shoka.

"Makapi ya juzi yamekauka," akamwambia. "Yale ya chini ya turubai. Nimechemshia uji, yanawaka vizuri."

"Uji ni uji. Hili ni pipa."

"Na pipa hilo tumelipikia makapi msimu mzima."

"Mama watoto, wenye sabuni wanataka mafuta. Hawataki hadithi ya majani yanayoota jua. Nachukua ule mkuyu uliokauka kichwa. Mmoja tu."

Ndugu zangu, huyu Mmoja Tu mnamjua? Ana ukoo mkubwa, na wote hupenda kuja kukaa siku ile ile.

Baada ya mkuyu uliokauka kichwa ulifuata uliopinda. Baada ya uliopinda ulifuata uliokuwa ukiipa kivuli hiyo miwili. Na kwa kuwa ndoo nazo zilimchosha, alinunua mpira mrefu, akauchomeka kwenye chemchemi, maji yakawa yanashuka yenyewe mpaka kwenye pipa la kupozea, yanatoka ya moto upande wa pili na kwenda zao bondeni. Yale maji meusi yanayobaki chini ya pipa la kupikia, nayo aliyamwaga humohumo. Kazi ikawa nyepesi. Akamshukuru Mungu.

Bondeni kulikuwa na jirani, mama mmoja mkulima wa mchicha, ambaye mumewe alifanya kazi mbali. Mchicha ule ndio uliowavalisha watoto wake sare za shule. Siku moja alipanda mlima, akasimama mbele ya mtambo, mikono kiunoni.

"Shemeji, hodi. Nimekuja kuuliza kama huku kuna mwanamke aliyejifungua."

"Hakuna, dada. Kwa nini?"

"Maji yanafika kwangu ya moto kama ya kumkanda mzazi. Nikasema labda nimepitwa na habari, nije na uji." Akageuka kutazama bondeni. "Mchicha wangu unanyauka, shemeji. Na hata hayo ya moto yanapungua kila wiki."

Mkulima aliona aibu. Mungu ni shahidi, hakuwa mtu mbaya. Aliingia ndani akatoka na chupa ndogo ya mafuta, safi kabisa, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Chukua, dada. Wapake watoto, mbu wasiwasumbue." Yule mama akaitazama chupa, akamtazama yeye, akasema asante na kuteremka. Na mkulima akahisi moyo wake umetulia, kama mtu aliyemaliza jambo.

Alikuwa amemaliza jambo gani?

Kiangazi kikaja. Wenye sabuni wakatuma ujumbe: gari litafika alasiri fulani, andaa mafuta mengi kuliko siku zote. Mkulima akakata mchaichai wa shamba zima, akashindilia pipa, akapanga magogo ya mkuyu chini yake, akawasha. Kulipokucha vizuri, mvuke ukapanda, matone yakaanza kudondoka chupani. Kisha mpira ukakoroma. Ukatema maji mara mbili, ukanyamaza.

Akapanda mbio kwenye chemchemi. Mahali pa maji palikuwa na tope, na juu ya tope nyuki wanakunywa. Kuzunguka tope kulikuwa na visiki. Alisimama pale akivihesabu bila kutaka.

Aliporudi, pipa la kupozea lilikuwa linafuka mvuke kama sufuria ya chai. Matone yalikuwa yamekoma. Kwenye mdomo wa bomba mvuke ulitoka mweupe, unavuma, na ndani ya mvuke huo yalikuwemo mafuta yake yote. Harufu ikajaa shambani, ikavuka ua, ikashuka njiani. Watu waliokuwa wakitoka sokoni wakasimama kuinusa.

"Leo huku kuna neema," akasema mmoja.

"Tajiri, na sisi utukumbuke," akasema mwingine, akicheka.

Mkulima akawapungia mkono. Angewaambia nini? Walikuwa wanausifu msimu wake mzima ukipanda hewani.

"Toa kuni," mkewe akamwambia. "Uzime, tuokoe kilichopo."

"Nikizima sasa, majani haya yameshaiva nusu, hayana kazi tena. Ndoo chache tu za maji baridi. Ngoja."

Akachukua ndoo mbili, akashuka bondeni anakimbia.

Akamkuta jirani yake amechuchumaa pembeni ya shimo refu alilolichimba mwenyewe kwa jembe, ukingoni mwa bustani. Ndani yake mlikuwa na maji, matulivu, yamefika magotini.

"Dada, naomba maji. Chemchemi imekauka."

"Najua. Mimi nilijua kabla yako. Huku ndiko yanakoishia." Akasogea kando. "Chota."

Mkulima akatumbukiza ndoo. Maji yalikuwa ya baridi. Akashangaa. "Haya umeyatoa wapi?"

"Kwako. Yakifika ya moto nayaweka humu yalale, asubuhi ndipo namwagilia. Ningefanyaje?"

"Kwa nini hukuja tena kuniambia?"

Yule mama akacheka bila sauti. "Shemeji, mara ya kwanza nilikuja na shida ya maji. Ukanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na chupa yenyewe ukanipa. Mara ya pili ningerudi na nini?" Kisha akainuka, akajifuta mikono kwenye kanga. "Chota yote, usiogope. Mafuta yako hayangoji. Mchicha utakufa leo au utakufa kesho kutwa. Haya ndiyo ya mwisho."

Mkulima akainua ndoo zote mbili, zimejaa. Akapiga hatua kuelekea mlimani. Harufu ya mchaichai ilikuwa imemfuata mpaka kule bondeni, nzito, tamu. Akatazama juu. Akatazama matuta ya mchicha, majani yamelala kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Alisimama hapo kwa muda ambao mkewe, kule juu, aliutumia kuita jina lake.

"Toa kuni," akamjibu kwa sauti. "Zote. Mwagia mchanga."

Kisha akageuka, akaingia bustanini, akaanza kumwagilia. Alimwagilia polepole, kwa kiganja, shina kwa shina, ili tone lisipotee.

"Na mafuta yako?" yule mama akauliza.

"Umeyanusa," akasema. "Ndiyo hayo."

Akaendelea mpaka ndoo zikaisha.

Mfano wangu unakoma hapo. Najua mnataka niwaambie kwamba chemchemi ilirudi. Sijui, ndugu zangu. Mkuyu hukatwa asubuhi moja, lakini kuukuza ni kazi ya mtu na mwanawe na mjukuu wake. Ninachojua ni kwamba siku ile mtu mmoja aliacha kutoa zawadi, akaanza kutengeneza alichoharibu.

Mungu ameweka dawa kwenye majani, manukato kwenye mizizi na mafuta kwenye mbegu, na hakutukataza kuvitoa. Mimi sikusoma sana, kemia siijui, lakini hili naliona hata kwa macho ya darasa la saba: lile jema tunalolitoa kwenye mmea tunaweza kulitoa kwa namna ambayo jirani anabaki na maji yake, au kwa namna ambayo jirani analipia. Chupa zikishajaa hazina tofauti. Ukizishika zote mbili mkononi hutajua. Anayejua ni yule anayekaa chini yako.

Na kila mmoja wetu hapa ana mtu anayekaa chini yake. Usiangalie wenye viwanda. Anayefuga nguruwe ana mtu chini yake. Anayeosha pampu ya dawa ya nyanya mtoni ana mtu chini yake. Anayechoma mkaa, anayetupa mafuta ya gereji mtaroni, anayefungua spika ya ibada mpaka usiku, na huyo ni mimi, ana mtu chini yake. Sisi tunakwenda kuwaona hao siku wakifiwa, tukiwa na mchele na sukari. Tukipewa lawama tunatoa zawadi. Tukiombwa haki tunatoa maombi. Halafu watu wakipita wanasema, hapa pananukia vizuri, na sisi tunawapungia mkono.

Naomba jambo moja, nalo ni dogo. Kama kuna jirani aliyewahi kukujia na lalamiko na ukamtuliza kwa maneno, leo ukitoka hapa pitia kwake kabla hujafika kwako. Usitume mtoto, usipige simu. Muulize lile jambo limefikia wapi, na akikuonyesha, usiende nyumbani mpaka umelishika kwa mikono yako.