Kamba ya Anastazia

Tik. Tik. Tik. Jogoo alikuwa hajawika bado, na punje za mahindi zilikuwa zikidondoka moja moja kwenye sinia la bati. Mzee Castory alikaa jikoni kwenye kigoda, taa ubavuni, akichagua mbegu. Za wastani alizidondosha kwenye sinia. Nene na nyembamba akaziweka kando zisagwe unga. Mashine yake ya kupandia ilikuwa ya zamani, na ndani ya kila sanduku lake kulikuwa na kisahani cha chuma chenye matundu ya kipimo kimoja. Punje nene ingekwama. Nyembamba zingeanguka mbili mbili. Hapakuwa na njia ya mkato.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na mikono minne, na mlio wake ulikuwa kama mvua juu ya bati. Sasa ulikuwa kama bomba linalovuja katika nyumba isiyo na mtu. Mkewe, Anastazia, alikuwa na miaka miwili kaburini.

Castory alikuwa dereva wa trekta katika shamba la mkonge. Alipostaafu, alipata trekta moja kuukuu na mashine ile yenye masanduku mawili, akavipeleka kwenye ekari zake mbili nje kidogo ya Pongwe. Mashine ilining'inia nyuma ya trekta, ikipanda mistari miwili kwa mpigo mmoja. Juu yake alipigilia ubao, na juu ya ubao huo Anastazia alikaa kila masika, macho yake kwenye mabomba mawili yanayoshusha mbegu ardhini. Ngurumo ya injini ilimeza sauti ya mtu, kwa hiyo Anastazia alisokota kamba ya katani. Ncha moja ilifungwa kwenye mkono wa mumewe, nyingine aliishika yeye. Akivuta mara moja, simama. Akivuta mara mbili, twende. Kwa miaka ishirini na sita walizungumza kwa kamba ile shambani bila kugombana, jambo ambalo nyumbani halikuwezekana.

Binti yao, Ritha, aliishi mjini, mtaa wa Mabawa, na mumewe. Alikuwa mtoto mwema, na wema wake ndio uliomtia hofu. "Baba," alimwambia mwaka ule, "msimu uliopita ulivuna debe tatu. Huli vizuri. Huongei na mtu. Masika haya shamba likikushinda tena, utakuja kukaa kwangu, na shamba tutamkodisha mtu. Niahidi."

Castory aliahidi. Alikuwa mtu wa kushika neno, na tangu siku ile aliliangalia shamba lake kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

Ng'ambo ya ua wa mishubiri aliishi jirani yake, Bi Shamsiya, mjane ambaye wanawe wote walikuwa Muscat. Kila Ijumaa mama huyo aliweka bakuli la chakula juu ya nguzo ya ua, mara mihogo ya nazi, mara wali na mchuzi wa samaki. Anastazia alipokuwa hai, bakuli lile halikurudi tupu hata siku moja. Liliwekwa mayai, au limau, au kijiko cha asali. Alipobaki peke yake, Castory alilirudisha limeoshwa, limekauka, na tupu. Tena alilirudisha alfajiri, ili asikutane na mtu wa kumwuliza hali.

Mawingu ya masika yalipoanza kujikusanya, Bi Shamsiya alimwahi uani.

"Mzee Castory, nasikia kesho unapanda. Nani atakaa nyuma?"

"Hakuna. Mashine inaijua kazi yake."

"Mimi nina macho, na sina shughuli. Kidole kimoja hakivunji chawa, baba."

"Mimi sina chawa, Bi Shamsiya. Nina mahindi."

Mama yule alichukua bakuli lake tupu, akaenda zake. Castory alisikia ndala zake zikikwaruza hadi mlangoni. Alijua amekosea, lakini kuna ukiwa unaomfanya mtu aufunge mlango kwa ndani, kisha ashangae kwamba hakuna aingiaye.

Siku ya pili alipanda peke yake. Kwa mazoea alifunga kamba mkononi, na ncha ya pili ikaburuzika kwenye udongo nyuma yake kama mkia usio na mnyama. Kitu kimoja kilimfariji: kunguru. Walishuka kwa makumi, wakalifuata trekta mstari baada ya mstari, wakidonoa na kupiga kelele. Castory alidhani wanatafuta minyoo. "Karibuni," aliwaambia. "Angalau ninyi mmekuja." Hadi jua linazama masanduku yote mawili yalikuwa yamekwisha mbegu, na usiku ule mvua ikanyesha vizuri. Alilala akiwa na amani.

Siku ya nane alikwenda kutazama. Mistari miwili ilikuwa imeota, imenyooka kama uzi. Miwili iliyofuata ilikuwa mitupu. Miwili imeota, miwili mitupu, vivyo hivyo hadi mwisho wa shamba. Aliiendea mashine, akainama, akaona. Bomba la kushoto lilikuwa limechomoka, linaning'inia kwenye waya wake. Mbegu za upande ule hazikuingia ardhini. Zilimwagika juu ya udongo siku nzima, na wageni wake wakala kila punje. Kwa kuwa trekta hugeuka kila lifikapo mwisho wa shamba, mistari ya bomba la kushoto ilikuwa imekaa miwili miwili.

Nusu ya shamba. Na ghalani palibaki kibaba kimoja tu cha mbegu.

Alikaa chini, mgongo kwenye gurudumu, akaitazama ile kamba iliyojaa tope. Angekuwapo mtu mmoja tu juu ya ubao, angeliona bomba lile na kuvuta mara moja.

"Hodi! Sabalkheri, Mzee Castory."

"Sabalkheri, Bi Shamsiya. Hapa hapana kheri leo."

"Nimeona tangu juzi. Nikasema labda ndicho kilimo cha kisasa." Bi Shamsiya aliigeuza ndoo, akaikalia. "Kunguru wa Pongwe nzima umewafuturisha. Wote wanakuombea dua."

Castory alitaka kukasirika, akashindwa. Badala yake alimweleza ile ahadi, na kwamba Ritha anakuja Pasaka kutazama. Hakuwa amemwambia mtu mwingine yeyote.

Bi Shamsiya alisikiliza hadi mwisho. "Wanangu nao wananiita Muscat," alisema taratibu. "Nikienda nitakaa ndani ya kiyoyozi nitazamane na ukuta. Haya, na wewe ukienda Mabawa, bakuli langu nitampa nani? Nguzo?" Akasimama, akajipangusa. "Mahindi ya mbegu ninayo, yametungikwa juu ya jiko langu. Yana moshi, lakini yana uhai. Nakuja nayo."

"Watu watasema, Bi Shamsiya."

"Waseme. Midomo yao, mahindi yetu."

Jioni ile walipukuchua na kuchagua mbegu barazani kwa Castory, kila mmoja upande wake wa sinia, mlango wa uani wazi ili wapitao wajionee wenyewe. Tik-tik-tik-tik. Castory aliinamisha kichwa, akasikiliza. Ilikuwa kama mvua juu ya bati.

Asubuhi Castory aliliweka bomba mahali pake na kuukaza waya. Bi Shamsiya alijifunga leso kiunoni, akapanda juu ya ubao huku akisoma Bismillahi kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Kazi ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Magurudumu yalipaswa kupita katikati ya miche bila kuikanyaga, na macho ya dereva hayakuweza kuwa mbele na nyuma kwa pamoja. Walikwenda mwendo wa kobe. Walipofika katikati ya mstari wa tatu, Castory alihisi mkono wake ukivutwa. Mara moja.

Akasimama, akazima injini.

"Bomba lako linataka kutoroka tena," Bi Shamsiya alisema. "Waya umekwisha nguvu. Huna kitu kingine?"

Alikata kipande cha kamba ile ile ya Anastazia, akalifunga bomba mafundo matatu. Akarudi kwenye usukani, akawasha. Mkono wake ukavutwa mara mbili.

Trekta halikuondoka.

"Mbona huendi?" Bi Shamsiya alipaza sauti kuishinda injini, ambayo ilikuwa bado ikinguruma polepole.

"Naenda. Vumbi limeniingia machoni."

"Vumbi la masika!" alisema mama yule. Kisha akaelewa, akageuza uso wake upande wa mishubiri hadi trekta lilipoondoka. Hakuligusia tena jambo hilo maishani mwake.

Pasaka ilipofika, Ritha alikuja na kikapu cha mikate na sukari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Twende shamba."

Mistari yote ilikuwa imejaa, miwili mirefu, miwili mifupi, kama watoto wa madarasa mawili waliopangwa mbele ya shule. Ritha alipita katikati yake akicheka. "Hawa wafupi wamefanyaje?"

"Hao waliitwa mara ya pili."

Mbele ya mashine Ritha alisimama, akaigusa kamba. Ilikuwa na tope jipya, na fundo la ncha ya nyuma halikuwa la mama yake. "Nani alikaa nyuma, baba?" Castory alimtajia. Ritha alishusha pumzi, akamshika baba yake mkono wakarudi nyumbani, na habari za kuhamia Mabawa hakuzitaja tena. Jumatatu alasiri akaaga.

Nyumba ikarudia ukimya wake. Castory alilisikia trekta la mtu likinguruma mbali, kisha nalo likanyamaza. Akalichukua bakuli la Ijumaa, akatia mayai sita na mkate mmoja wa Ritha, akaenda nalo uani. Hakuliweka juu ya nguzo.

"Hodi, Bi Shamsiya!"

Mama yule alitoka, akalipokea bakuli, akahisi uzito wake. Alitazama ndani. "Leo halikurudi tupu," alisema.

"Siku ile nilikujibu vibaya kuhusu chawa," alisema Castory. "Kesho kutwa napalilia, lakini hata kama pasingekuwa na kazi, njoo tena. Njoo tukae tu. Marehemu alijua, wewe ulijua, nami nimejifunza kwa kunguru: kidole kimoja hakivunji chawa."